Tanuri la Ufipa na Shahada ya Msanii

Asafiriye katika uwanda wa juu wa Ufipa, baina ya Ziwa Tanganyika lililo magharibi na bonde la Ziwa Rukwa lililo mashariki, huona katikati ya mashamba ya mahindi na ulezi minara mipana ya udongo iliyosahauliwa. Mingine imesimama wima na kumpita mtu mrefu kwa mbali, hata kufikia kiasi cha mita 3. Mingine imeinama. Mingi haikubakisha ila duara la udongo ulioungua na vipande vyeusi vya mavi ya chuma ambavyo jembe huviibua kila msimu. Wafipa huyaita malungu, na moja ni ilungu. Ni matanuri ya kuyeyushia chuma, na moto wa mwisho wa kazi ya kweli ulizimika ndani yake katika nusu ya kwanza ya karne ya 20.

Wageni wameandika mengi juu ya malungu, na wenyeji waliosoma wameandika pia. Mwaka 1914 padri Wyckaert alichapisha katika jarida la Anthropos makala juu ya wahunzi aliowaita wapagani na wahunzi Wakristo wa upande wa Tanganyika. Mwaka 1937 R. C. H. Greig aliandika juu ya uyeyushaji wa chuma wa Wafipa katika Tanganyika Notes and Records. J. A. R. Wembah-Rashid alifuata mwaka 1969. Bertram Mapunda alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Florida mwaka 1995 kwa utafiti wa uhunzi wa kusini-magharibi ya Tanzania, na mwaka 2010 akatoa Kampala kitabu kizima juu ya uhunzi wa Wafipa. Randi Barndon wa Norway naye alitoa mwaka 2004 uchunguzi wake uliowalinganisha wahunzi wa Kifipa na wa Kipangwa. Orodha hii haikukamilika, lakini yatosha kuonesha jambo moja: tanuri la Ufipa limekwishaingia chuo kikuu. Limeingia kwa mlango wa akiolojia na wa anthropolojia. Mlango wa sanaa, ambako kijana husomea uzamili wa uchoraji, uchongaji, ufinyanzi au usanifu wa vitu, haujafunguliwa sawasawa. Swali la makala haya ni kwa nini, na ni hasara gani inayopatikana.

Kwanza na litazamwe tanuri lenyewe, maana aghalabu husifiwa na watu wasiojua lilifanya nini. Ilungu lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, ule ambao mchwa wamekwisha kuuchuja na kuushikamanisha. Lilijengwa refu kwa sababu halikuwa na mivukuto. Chini yake liliachiwa matundu pande zote, na matunduni ikatiwa mirija ya udongo. Juu lilikuwa wazi. Mkaa na mawe ya chuma vilipangwa ndani kwa tabaka, moto ukawashwa, na urefu wa tanuri wenyewe ukavuta hewa kutoka chini kwenda juu, kama bomba la moshi lifanyavyo. Yaani umbo ndilo lililokuwa mvukuto. Fundi aliyekosea kipimo cha ukuta, au upana wa kiuno, au idadi ya matundu, hakuwa na mkono wa kuongeza pumzi baadaye. Kosa lake alilijua moto ulipozimika na alipofungua mlango akakuta mawe yaliyoungua tu.

Kilichotoka katika ilungu hakikuwa bado chuma cha jembe. Kilikuwa donge lililochanganyika na taka. Donge hilo lilihamishiwa kintengwe, tanuri dogo la pili, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika kulisafisha. Baada ya hapo ndipo mhunzi alipolipokea, akalifua kwa nyundo hata likawa jembe, shoka au mkuki. Hatua tatu, mafundi wenye sifa mbalimbali, na mitihani mitatu. Mapunda ameonesha zaidi ya hayo kwamba malungu hayakuwa njia pekee katika nchi hiyo. Katika eneo la Nkansi alitambua mbinu tatu za kuyeyusha chuma: malungu, katukutu na ile ya Wabarongo, kila moja na tanuri lake na mavi yake ya chuma. Maana ya ugunduzi huo kwa msomaji wa sanaa ni kubwa. Palipo na njia tatu za kufanya kazi moja, fundi huwa amechagua; na palipo na uchaguzi pana hoja, hata kama hoja hiyo haikuandikwa kwa wino.

Tena tanuri lilikuwa na maneno yake. Lilihesabiwa kuwa mwanamke. Lilipokamilika kujengwa lilipambwa kama bibi harusi, na kazi ya kuyeyusha ilifahamika kuwa ni uzazi. Palikuwa na kikapu cha dawa, palikuwa na nyimbo, na palikuwa na miiko: mafundi walijitenga na wake zao muda wote wa kazi, na wanawake hawakuruhusiwa kuikaribia kambi moto ulipokuwa ukiwaka. Mtu wa mwambao aliyekulia penye ushairi hatashangaa. Anajua kwamba jahazi huwa na majina ya viungo vyake na nyimbo za kulishusha majini, na kwamba fundi asiyeyajua majina hayo hawezi kuelekezwa hata pa kupigilia msumari. Maneno ya kazi si pambo lililotiwa juu ya kazi. Ni sehemu ya kipimo chake.

Sasa na itazamwe upande wa chuo. Elimu ya juu ya sanaa katika Afrika ya Mashariki ilianzia barazani, kwa maana ya neno hilo khasa. Mwaka 1937 Margaret Trowell, Mwingereza aliyekuwa akiishi Kampala, alianza kuwafundisha watu kuchora katika baraza ya nyumba yake, na kutokana na darasa hilo ikazaliwa skuli ya sanaa ya Makerere ambayo baadaye ilipewa jina lake. Trowell hakuwa mtu wa kudharau ufundi wa wenyeji. Aliwahi kuisimamia Makumbusho ya Uganda, na mwaka 1953 alitoa pamoja na Klaus Wachsmann kitabu kikubwa juu ya kazi za mikono za makabila ya Uganda, chenye maelezo ya vikapu, vyungu, ngoma na silaha. Walakini katika maisha ya mtu huyo mmoja mgawanyo ulikwishafanyika. Chungu cha mwanamke wa kijijini kilikwenda makumbusho, kikapewa kibandiko. Picha ya mwanafunzi ilikwenda ukutani, ikapewa alama. Wa kwanza aliitwa kabila, wa pili aliitwa msanii. Vyuo vya eneo hili vimeurithi mgawanyo huo, na tanuri la Ufipa limeangukia upande wa kibandiko.

Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, alikuwa mwanafunzi wa Trowell, akaenda London katika Slade baina ya 1952 na 1955, akarudi kufundisha, na baada ya Uhuru wa 1961 akaiwakilisha Tanganyika huko huko London. Mwaka 1960 Jumba la Sanaa za Kisasa la New York lilikuwa limekwisha kuipokea picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wapelekao pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Wako waliomwona Ntiro kuwa ni mtu aliyekwenda mbali asijifunze kitu, kwa kuwa vilima vyake na migomba yake havikufuata kanuni za umbali zinazofundishwa katika skuli hizo. Hukumu hiyo haina haki. Mtu anaweza kupita katika chuo akajua kanuni zake zote, kisha akachagua kuwapanga watu wa kijiji chake kwa mpango ambao kazi ya pamoja inaudai, ambapo aliye nyuma si mdogo kuliko aliye mbele. Hata hivyo Ntiro alichora kazi za mikono za Wachaga, hakuzifanya. Picha ya mtu anayefua chuma si chuma. Hapo ndipo ulipo mpaka wa njia yake.

Marekani ilikuwa na njia nyingine. Chuo Kikuu cha Iowa kilikuwa miongoni mwa vyuo vya awali kutoa shahada ya uzamili ambayo kiini chake ni kazi ya mikono ya mwanafunzi mwenyewe. Miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuipata, mwaka 1940, alikuwa Elizabeth Catlett, mwanamke mweusi ambaye chuo hakikumruhusu kulala katika mabweni yake. Mwalimu wake, mchoraji Grant Wood, alimhimiza afanye kitu anachokijua kuliko vyote. Catlett akachonga katika jiwe la chokaa mama mweusi na mtoto wake, na mwaka huo huo sanamu hiyo ikapata tuzo ya kwanza katika maonesho ya Wamarekani weusi Chicago. Katika kisa hiki pana jambo la kuzingatiwa. Mtahini hakuuliza sanamu ile inahusu nini tu. Jiwe lilikuwa mbele yake, na angeweza kulizunguka, kulishika na kuona pale patasi ilipojua na pale ilipokisia.

Shahada ya aina hiyo imeenea duniani tangu wakati huo, na pamoja nayo umeenea ugonjwa wake. Vyuo vikuu ni nchi ya maandishi. Kila kinachoingia humo hatimaye hutakiwa kuvaa kanzu ya maandishi, na msanii naye hutakiwa kuandika tasnifu inayoeleza kazi yake imetoka wapi, imejengwa juu ya nadharia ya nani, na imechangia nini katika elimu. Jambo hilo si baya kwa asili yake. Ubaya huja pale maelezo yanapokuwa mazito kuliko kinachoelezwa. Mwanafunzi mwerevu hugundua mapema kwamba ukurasa humlinda kuliko udongo, kwa kuwa ukurasa unaweza kurekebishwa usiku wa mwisho na chungu kilichopasuka hakiwezi. Basi hufanya kazi nyepesi, akaiandikia maneno mazito. Wapenzi wa ushairi wanalijua gonjwa hili kwa jina jengine: ni shairi ambalo sherehe yake ni ndefu kuliko beti zake, na ukiiondoa sherehe beti haziwezi kusimama.

Kwa vyuo vya Afrika ya Mashariki pana uzito wa pili juu ya huo wa kwanza. Tasnifu huandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi aliyejifunza ufinyanzi kwa bibi yake, ambaye ana maneno matano ya kutofautisha udongo kwa jinsi unavyoshika kidole, hulazimika kuyaacha maneno yote matano mlangoni na kuingia na neno moja la kukopa. Anayedhani kwamba hiyo ni tafsiri tu hajapata kufasiri. Mwenye kutafsiri hupima neno kwa neno, na penye pengo hulionesha. Hapa hapaoneshwi pengo. Elimu huingia ikiwa imekwisha kukatwa, na mtahini hajui kuwa kipo kilichokatwa.

Ndiyo maana kisa cha Magdalene Odundo kinafaa kuwekwa mbele ya kila anayepanga mitaala ya uzamili wa sanaa katika nchi hizi. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza kusomea sanaa ya matangazo, akaiacha na kuingia katika ufinyanzi. Mwaka 1974 alisafiri hadi Abuja ya Nigeria, katika kituo cha ufinyanzi kilichoanzishwa na Michael Cardew, na huko akakaa na wanawake wafinyanzi, Ladi Kwali akiwa mmoja wao, akatazama jinsi wanavyopandisha chungu kwa mkono bila ya gurudumu. Alikuja kupata uzamili wake katika Royal College of Art ya London mwaka 1982. Vyombo vyake hujengwa kwa mkono, hukwanguliwa, hupakwa maji mazito ya udongo laini na kusuguliwa hata vikang'ara. Kikichomwa penye hewa ya kutosha chombo hutoka chekundu cha machungwa. Kikichomwa mara nyengine pamoja na vitu vya kuzuia hewa hutoka cheusi. Hatii rangi, moto ndio unaotia. Chuo kilimpa nini Odundo? Kilimpa muda, tanuri, macho ya wenzake na fursa ya kutazama vyombo vya dunia nzima. Hakikumpa mkono. Mkono aliupata kwa wanawake hao wafinyanzi. Mwaka 2018 mwenyewe akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Sanaa za Ubunifu huko Uingereza, na ni haki kusema kwamba pamoja naye waliingia katika kiti hicho walimu wake hao wafinyanzi.

Je, Ufipa unaweza kupata Odundo wake? Kikwazo cha kwanza ni kwamba walimu hawapo. Wafinyanzi wa Abuja walikuwa hai na kazini mgeni alipowafikia. Mafundi wa malungu waliokwisha kuzeeka waliombwa na watafiti, mara kwa mara katika karne ya 20, wajenge na wayeyushe tena ili kazi yao iandikwe, na bila ya ukarimu huo kusingejulikana nusu ya yanayojulikana leo. Lakini kumwonesha mtafiti si kumrithisha mwanagenzi. Mtafiti huuliza: mlifanyaje? Mwanagenzi huuliza: mbona langu limezimika? Swali la kwanza hujibiwa siku moja mbele ya kamera. La pili hujibiwa kwa miaka, na kwa matanuri mengi yaliyoharibika. Vitabu vya Mapunda na Barndon vimehifadhi jibu la swali la kwanza kwa uaminifu mkubwa, na hapana anayeweza kuvilaumu kwa kutojibu swali ambalo fani yao haikuliuliza. Lawama, ikiwa ipo, ni ya upande wa sanaa, uliokaa ukingoja bila ya kuuliza.

Kikwazo cha pili ni kigumu zaidi, na mara nyingi wanaousifu urithi hukipita kimya kimya. Kazi ya malungu ilikuwa na mipaka. Ilikuwa ya wanaume, na mwanamke alisimama humo kama mfano, si kama fundi: tanuri lilikuwa bibi harusi, ilhali bibi harusi wa damu na nyama alifukuzwa kambini. Katika karakana ya leo nusu ya darasa au zaidi ni wanawake. Mwanafunzi wa kike akitia mkaa katika ilungu, atakuwa ameuendeleza urithi au ameuvunja? Jibu la uvivu ni kusema kwamba miiko ilikuwa ushirikina na iachwe, kana kwamba inaweza kung'olewa na tanuri likabaki lilivyokuwa. Jibu jengine la uvivu ni kuiheshimu miiko hata mwanamke abaki nje tena. Jibu la kisanii ni kulijenga tanuri hilo na kuliacha swali lionekane ndani yake, katika umbo, katika mapambo, katika mahali pa kusimama. Waandishi wa tenzi wamefanya hivyo kwa muda mrefu: huchukua bahari ya kale, mizani yake na vina vyake, wakatia ndani sauti ambayo watu wa kale hawakuipa nafasi. Wanaolalamika kwamba bahari imevunjwa hawakosi, lakini aghalabu hulalamika kwa kuwa imefanya kazi.

Kikwazo cha tatu ni nembo. Ni rahisi mno kulichukua ilungu na kulichora katika bango, katika fulana, katika lango la ofisi, na kusema kwamba utamaduni wa Rukwa umeenziwa. Shahada ya usanifu isiyo na nidhamu itazaa nembo nyingi za namna hiyo. Ubunifu wa Ufipa hauko katika sura ya mnara. Uko katika fikra kwamba umbo laweza kufanya kazi ya mkono. Na fikra hiyo haikuishia kwenye chuma. Mkulima wa Kifipa aliyefukia majani ndani ya matuta ya duara, yakaoza na kuwa mbolea ya msimu ujao, alikuwa akisanifu udongo. Wafumaji wa pamba wa pande za Rukwa, ambao vitambaa vyao vilishindana kwa muda mrefu na nguo zilizopandishwa kutoka mwambao, walikuwa wakisanifu kwa uzi. Watu wa visiwani wana deni katika habari hiyo, kwani nguo hizo za bara ya ng'ambo zilipitia bandari zao.

Mpango wa uzamili unaostahili jina lake ungempeleka mwanafunzi Sumbawanga kwa msimu mzima wa kiangazi, si kwa wiki ya kupiga picha. Angechimba udongo wa kichuguu, angeuliza majina yake kwa Kifipa na angeyaandika kwa Kifipa. Angejenga akiwa na vitabu vya akiolojia mkononi na wazee pembeni, kwa kuwa wapo bado waliosikia kwa baba zao ingawa hawakuyeyusha wenyewe. Angewasha. Yamkini lingezimika. Tasnifu yake ingekuwa habari ya kuzimika huko, kwa Kiswahili kinachosomeka na watu wa Kaengesa na Matai pamoja na mtahini wa Dar es Salaam au Kampala. Na mtahini angelazimika kuja kuliona tanuri, kuingiza mkono katika tundu, na kupima kipande cha chuma kama kipo. Mtihani wa namna hiyo ni mkali kuliko wa sasa. Hautoi nafasi ya kujificha nyuma ya jina la mwanafalsafa wa Paris.

Washairi wa mwambao hawana haja ya kushawishiwa sana katika hili. Wamezoea mtihani wa kubwagwa barazani, ambapo shairi hujibiwa kwa shairi na si kwa maelezo, na ambapo mwenye kina kilichokosea hujulikana kabla hajamaliza ubeti. Huo nao ni moto. Kinachotakiwa ni kuutambua moto huo huo katika nchi ya mbali na bahari, uliowashwa na watu ambao hoja yao ilisimama shambani kwa udongo. Malungu yaliyobaki hayana paa, na mvua za Ufipa ni nyingi. Kila masika ukuta mmoja hulainika, na pahala pake jembe hupita.